Ukisikia Glasi Zikilia

Mageto alishuka kwenye pikipiki amekumbatia ubao wake wa pedali za gitaa kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Gitaa la besi lilikuwa mgongoni, ampu ya kukuza sauti ilikuwa imetangulia na gari la bendi, na moyoni alikuwa na maneno mawili tu ambayo yalipaswa kumfikia Chepngeno siku hiyo: baba amekubali.

Shida ilikuwa njia ya kuyapeleka. Chepngeno alikuwa amewekwa nyumbani kwa nyanya yake, ng'ambo ya mistari ya chai, na hangeletwa mpaka wazee wamwite. Simu yake ilikuwa ndani ya mkoba wa shangazi yake, Tecla. Na watu wa Sigor waliokuja kumposea kijana wao walikuwa wamekwisha kukaa sebuleni, wanakaribishwa kwa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu.

Naam, alikuwa amekuja kupiga muziki kwenye koito, sherehe ya posa, ya mwanamke anayempenda. Ukitaka kumcheka, mcheke. Yeye mwenyewe alikuwa amejicheka tangu Kericho mpaka hapo Litein, na haikumsaidia chochote.

"Umechelewa, kaka," alisema Kipkirui, kiongozi wa bendi, akikaza nyuzi za gitaa lake chini ya tenti.

"Nilikuwa kwa mzee."

"Mzee gani?"

"Wangu."

Kipkirui alimtazama kwa huruma. Alijua yaliyokuwepo kati ya Mageto na msichana wa boma hilo, ingawa hakujua yote. "Mimi nilikuambia usikuje. Ningetafuta mtu wa besi huko Bomet, ningekulinda."

"Najua."

"Basi sikia na hii. Unaona yule mama kwa mlango? Amekutambua. Amesema usiinuke hapa kwa tenti. Ukipiga hatua moja kuelekea kwa nyumba, sisi wote tunafunga vyombo tunaenda."

Mageto alitazama. Shangazi Tecla alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa, mkoba umebanwa kwapani. Alimwona Mageto akimtazama, wala hakukwepesha macho. Katika ukoo mzima ule ni yeye peke yake aliyemjua kijana huyo kwa sura, na aliona hiyo ni kazi aliyopewa na Mungu.

"Sitainuka," alisema Mageto. Na kweli hakuwa na haja ya kuinuka. Alichohitaji kilikuwa pale mikononi mwake.

Aliulaza ubao kwenye nyasi, pembeni mwa tenti ambapo jua lilikuwa likipiga moja kwa moja, maana ndipo waya wake ulipofika. Pedali zilikuwa nne. Ya kwanza ni tyuna, ya kupimia nyuzi: ukiikanyaga inawaka taa na kunyamazisha besi yote, upime bila kuwasumbua watu, na ukiikanyaga tena inazima na sauti inarudi. Ya pili inabana sauti isirukeruke. Ya tatu inaishusha sauti mpaka chini kabisa, mahali ambapo sikio linaachia kifua kisikie. Ya nne ni ya kutia ladha tu. Kila kitufe kwenye pedali hizo kilikuwa na nukta ndogo za rangi ya kucha: nyeupe kwa nyimbo za harusi, nyekundu kwa nyimbo za kanisa. Chepngeno ndiye aliyezipaka, moja moja, amekaa sakafuni kwenye chumba cha mazoezi huko Kericho, ulimi umetoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Ndio usiwe unababaisha kwa giza," alisema siku ile. "Unaangalia rangi, unazungusha, umemaliza."

"Na hii nyekundu ya kwa tyuna ni ya nini? Hii haina kitufe cha kuzungusha."

"Hiyo ni taa nimefunika. Kila ukikanyaga inakuchoma macho, unakunja uso mpaka watu wanafikiri umekasirika. Nimepaka mara mbili. Sasa imetulia."

Kweli ilikuwa imetulia. Usiku, kwenye mahoteli walikopiga, taa ile ilikuwa kama kaa la moto lililobakia jikoni, na kila alipoikanyaga Mageto alimkumbuka aliyeipaka. Hakuwahi kuiondoa rangi ile. Mwanamume akipendwa hivyo anaondoaje?

Walikutana kwa sababu ya besi hiyo hiyo. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Desemba, bendi ilipiga harusi kwa jirani, ua tu katikati. Mageto alikuwa akipita kwenye kipande cha noti nne, anashuka nazo polepole mpaka ile ya chini kabisa, msichana mmoja akatokea uani, mikono imejaa povu la sabuni.

"Ni wewe ndio unavunja vyombo za mama?"

"Mimi? Niko mbali na vyombo za mama yako."

"Hiyo kitu yako ikifika chini, glasi zote kwa kabati zinalia. Mama anafikiri ni tetemeko ya ardhi. Ameanza kuomba."

Mageto akacheka, akazirudia noti zile nne makusudi. Ndani ya nyumba glasi zikalia, mama mtu akapaza sauti kumwita Yesu, na msichana akaziba mdomo kwa mkono wenye povu ili asicheke. Tangu siku hiyo noti zile zikawa zao.

Lakini mapenzi yana wazee. Mwezi wa Agosti, mzee Orina, baba yake Mageto, alivaa koti, akachukua wazee wawili wa Kisii wanaokaa nao kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, wakaja kwa mzee Kiptanui, baba yake Chepngeno, kumwombea kijana wao, ambaye kwa adabu alibaki nyumbani. Hawakufukuzwa. Waliwekewa viti barazani, wala hawakuingizwa sebuleni. Kisha wakaletewa chai ya rangi.

Orina alirudi nyumbani akakaa kitandani bila kuvua koti.

"Nimechuma chai miaka ishirini na nane," alimwambia mwanawe. "Najua chai. Hiyo boma iko na ng'ombe saba, nimehesabu mwenyewe wakipita kwenda kukamuliwa. Wakanipatia strungi. Mtu akikupa strungi na maziwa iko hapo nyuma yako inapiga kelele, amekuambia nini?"

"Tata, pengine ilikuwa imeisha."

"Haikuisha. Mimi sirudi huko. Tafuta msichana mwingine."

Hivyo ndivyo mlango ulivyofungwa. Na Jumanne ya wiki hii, kwenye soko la Litein, nyuma ya wauza nyanya, Chepngeno alimweleza yaliyobaki.

"Watu wa Sigor wanakuja Jumamosi. Binamu yangu ametafuta bendi, akatafuta yenu. Hajui chochote, maskini."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi siongei mpaka niulizwe. Kwetu wataniita sebuleni, waniulize kama nawajua hao watu. Wanauliza mara tatu. Nikisema nawajua, imeisha. Nikisema siwajui, wanabeba kofia zao wanaenda."

"Basi sema huwajui."

"Alafu?" Chepngeno alimtazama mpaka akainamisha macho. "Niaibishe baba mbele ya wazee, alafu nikae hapo nikingoja nani? Babako amesema harudi. Hakuna mtu anakuja kunichukua, Mageto. Nitakataa nani kwa sababu ya nani?"

"Nitaongea na yeye tena."

"Ongea. Akikubali kurudi, niambie, na mimi nitasema siwajui, hata baba anifukuze. Lakini asipokubali, usiniache niseme hapana nikiwa pekee yangu."

"Nitakuambia aje? Na simu si watachukua?"

Hapo Chepngeno alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Si ni nyinyi mnapiga? Kiti watanikalisha iko karibu na kabati ya mama. Wakianza kuniuliza, piga ile yetu. Nikisikia glasi zikilia, najua mzee amekubali. Zikinyamaza, najua amekataa, na sitakulaumu."

Siku tatu Mageto alimbembeleza baba yake. Siku tatu Orina alimjibu kwa mgongo. Asubuhi ya leo, pikipiki ikiwa nje inanguruma, mzee alitoka na kikombe chake mkononi, akasimama mlangoni muda mrefu bila kunywa.

"Huyo msichana," alisema, "anakupenda ama unampenda pekee yako?"

"Ananipenda, tata."

"Mwambie nitarudi. Hata wakinipa maji."

Hayo ndiyo Mageto aliyoyabeba. Kwa hiyo alizipiga nyimbo za kuwakaribisha wageni kwa uangalifu mkubwa, juu juu tu, bila kuigusa pedali ya tatu, asije akalisema lile neno kabla mwenyewe hajafika kulisikia. Vijana wakacheza. Kina mama wakapita na masufuria. Karibu saa nane mzee wa shughuli, mwenye fimbo na sauti ya kuita ng'ombe, akatoka barazani.

"Nyinyi wa musiki, nyamasa kidoko. Tunaompa. Na wewe wa pesi, hiyo kitu yako inatikisa mpaka meno yangu."

Watu wakacheka. Mageto aliikanyaga tyuna, kama afanyavyo siku zote maombi yakianza, maana besi ina tabia ya kunguruma yenyewe hata mkono ukiwa umetulia, na si adabu kumngurumia Mungu. Akafumba macho. Maombi yalikuwa marefu. Waliombewa wageni, ng'ombe, mvua, majani ya chai na hata wapiga muziki.

"Amina," wakasema wote, na Mageto akafumbua macho.

Chepngeno alikuwa anakuja. Alipita katikati ya chai, shangazi mmoja mbele na mmoja nyuma, amevaa gauni la rangi ya samli ambalo Mageto hakuwahi kuliona, macho ameyainamisha. Alipofika usawa wa tenti aliyainua kidogo, akamtazama, akatazama ubao wa pedali, kisha akaingia ndani. Mageto alibaki anautazama mlango. Alisahau gitaa, akasahau kwamba ana miguu. Na mguu wake, ambao kwa miaka sita kila baada ya amina huikanyaga tyuna kuirudisha sauti, siku hiyo haukukanyaga kitu.

Tecla akafunga mlango. Madirisha yalikuwa wazi, na boma lote likanyamaza kusikiliza. Mzee wa shughuli aliuliza kwa Kipsigis, na Mageto, aliyezaliwa na kukulia hapo hapo kwenye chai, hakuhitaji kutafsiriwa.

"Binti yetu, hawa wageni unawaona. Unawajua?"

Kimya. Huo ndio wakati wake. Mageto aliikanyaga pedali ya tatu, akaweka kidole, akapiga noti ya kwanza kati ya zile nne.

Hakukutoka kitu.

Alipiga ya pili. Uzi ulitetemeka chini ya kidole chake, aliuhisi mpaka kwenye mbavu, lakini spika ilikaa kama gunia la mahindi. Akatupa jicho kwenye tyuna. Kwenye jua lile kali taa haikuonekana inawaka. Basi si tyuna, alijiambia, na hakuitazama tena. Akainama kwenye pedali ya kushusha sauti, akaichomoa jeki ya waya, akairudisha. Kimya. Akasukuma jeki ya pedali ya pili. Kimya.

"Binti yetu," sauti ilisema mara ya pili, "hatukuharakishi. Hawa watu unawajua?"

"Unafanya nini?" Kipkirui alinong'ona. "Hakuna mtu amesema tupige."

"Besi imekataa."

"Wacha ikatae. Wanaongea."

"Kipkirui, tafadhali. Angalia ampu. Imewaka?"

"Imewaka. Kwani una nini?"

Jasho lilikuwa likimwingia machoni. Ilibaki njia moja, ya kuziacha pedali zote na kuchomeka besi kwenye ampu moja kwa moja. Lakini ampu ilikuwa nyuma, na waya ulikuwa umegandishwa chini kwa utepe, hatua kwa hatua, kama alivyougandisha mwenyewe ili akina mama wenye masufuria wasijikwae. Akaanza kuung'oa kwa kucha. Mtu mwingine angepaza sauti aseme, Chepngeno, baba amekubali, basi dunia ipasuke. Mageto hakuwa mtu mwingine. Alikuwa kijana aliyefunzwa kwamba kwenye boma la watu wazee wakiongea hupazi sauti, na pale mlangoni upande wa ndani alijua ameketi Tecla. Alilia akiung'oa ule utepe, na hakujua kwamba analia.

"Kwa mara ya mwisho, mama. Hawa watu unawajua?"

Mageto alifika kwenye ampu. Mikono yake ilikuwa imelowa, jeki ikamponyoka, ikaanguka kwenye nyasi. Akaiokota.

"Nawajua," ilisema sauti ya Chepngeno.

Vigelegele vililipuka ndani, vikapokewa uani, vikapokewa hata huko jikoni. Wanaume wa Sigor walicheka kwa kufarijika. Mageto alikuwa amepiga magoti nyuma ya ampu, jeki mkononi, hajaichomeka. Hapakuwa na haja tena.

Wakati huo wingu la mchana, ambalo halikosi kuja Kericho, likafunika jua. Tenti ikaingia kivuli, nyasi zikawa nyeusi kidogo, na pale kwenye ubao wake Mageto akaona kaa dogo jekundu linawaka. Akalielewa: tyuna hakuizima tangu amina.

Alirudi taratibu, akaichomeka jeki mahali pake, akakaa juu ya sanduku la spika na mikono katikati ya magoti. Kipkirui alikuwa akimsemesha, naye hakumsikia. Baadaye kidogo aliona viatu vyeupe mbele yake, na sinia lenye vikombe vya mursik. Tecla alikuwa amemruhusu bibi harusi awakaribishe wapiga muziki, hatua kumi tu kutoka barazani. Sasa ilikuwa salama.

"Karibu mursik," Chepngeno alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. Kisha akaishusha. "Nilinyamaza ya kwanza. Nikanyamaza ya pili. Nilikuwa naangalia glasi, Mageto. Sikuangalia mtu, nilikuwa naangalia glasi."

"Amekubali."

"Nani?"

"Baba. Leo asubuhi. Alisema atarudi, hata wakimpa maji."

Vikombe viligongana kwenye sinia. Chepngeno alivituliza kwa mkono mmoja, kucha zake zimepakwa nyekundu ile ile.

"Mbona basi hukupiga?"

"Nilipiga."

"Hukupiga. Nilikuwa hapo, sikusikia kitu."

Mageto alinyoosha kidole tu kuelekea chini. Chepngeno alifuata kidole kile mpaka kwenye ubao, mpaka kwenye pedali ya kwanza, mpaka kwenye taa iliyokuwa inawaka taratibu chini ya rangi yake. Mageto alimwona akiitambua. Alitamani asingenyoosha kidole, kwa maana lile jambo lilikuwa limemuumiza mmoja, na sasa limewaumiza wawili.

"Kwa jua haionekani," alisema Mageto. "Ni usiku tu."

"Ni mimi nilipaka."

"Usiseme hivyo."

"Ni mimi, Mageto. Nilipaka mara mbili." Machozi yalimjaa, naye akayazuia pale pale, kwa sababu shangazi alikuwa anatazama na siku hiyo bibi harusi alipaswa kufurahi. "Ilikuwa inakuumiza macho."

"Chepngeno," Tecla aliita kutoka barazani, "wageni wanakungoja."

Alimpa Mageto kikombe. Vidole vyao vilikaa pamoja juu yake kwa muda ambao mtu wa mbali angefikiri ni wa kupokezana tu. Kisha akageuka, akaenda na sinia lake, mgongo umenyooka, akapanda baraza na kuingia ndani bila kuangalia nyuma.

Mzee wa shughuli alikuwa amesimama kwenye ngazi, fimbo juu, uso umejaa furaha. "Sasa musiki! Mambo imekubalika. Na wewe wa pesi, leo nimekusamehe. Tikisa kapisa."

"Twende na gani?" Kipkirui aliuliza kwa upole. "Chagua wewe."

Mageto aliweka kikombe chini bila kunywa. Aliikanyaga tyuna, na lile kaa likazimika. Akaiweka mikono kwenye nyuzi na kuziteremka noti nne, polepole, mpaka ile ya chini kabisa. Vijana wakapiga kelele za furaha wakaanza kucheza, na ndani ya nyumba glasi za mama yake Chepngeno zikalia, zikalia, kila mtu akazisikia.